Kuubadilishia Mreteni Udongo

Leo tena maji yametuama juu ya udongo. Kila ninapoumwagilia mreteni wangu wa bonsai, yaani mti unaofanywa ubaki mdogo ndani ya chungu, maji yanachukua muda mrefu zaidi kupenya. Dalili hiyo naiamini kuliko kalenda: mizizi imejaa chungu, na punje za udongo zimesagika zikawa vumbi. Kwa kawaida mti mchanga hubadilishiwa udongo kila baada ya miaka 2 hivi, mkongwe kila baada ya miaka 3 hadi 5. Lakini maji yakiwa bado yanashuka upesi na mti unanawiri, mimi siugusi.

Msimu nao umefika. Baridi inaisha na ncha za majani bado hazijaanza kurefuka, wakati ambao mizizi inaamka na majeraha yake hupona haraka. Katikati ya joto kali singethubutu.

Mreteni si mti wa kuoshwa mizizi ikabaki mitupu. Miti inayopukutisha majani huvumilia hilo. Mreteni unaishi na kuvu wanaoisaidia mizizi kunyonya maji na madini, na akiba yake kubwa ya nguvu imo kwenye majani. Kwa hiyo nitalifumua bonge la mizizi nusu tu, taratibu, kwa kijiti. Nusu ya pili itakaa na udongo wake wa zamani hadi zamu ijayo. Nitakata mizizi minene inayozunguka chungu na ile inayoelekea chini, isizidi theluthi ya mizizi yote. Matawi nayaacha kama yalivyo, hata yale yanayonikera, kwa kuwa mti uliopunguziwa mizizi unayahitaji majani yote ulio nayo.

Udongo nimeshauandaa: akadama (punje za udongo wa mfinyanzi kutoka Japani), pumisi (jiwe jepesi lenye vitundu) na mawe ya volkano kwa vipimo sawa, vumbi limechekechwa likatoka. Wavu kwenye matundu, kisha waya wa kuukaza mti chunguni, maana ukiyumba kwa upepo mizizi mipya myembamba hukatika. Nitapenyeza punje katikati ya mizizi kwa kijiti hadi pasibaki uwazi, halafu nimwagilie mpaka maji yanayotoka chini yawe safi.

Wiki chache za mwanzo utakaa nje, kwenye kivuli chepesi pasipo na upepo. Huo ndio muda unaonipa wasiwasi, kwa sababu mreteni uliokufa huweza kubaki kijani kwa wiki nyingi. Nitakuwa nikitazama ncha za matawi tu. Zikianza kurefuka, zenye kijani kibichi cha majani mapya, nitaurudisha juani na kuanza mbolea kidogo kidogo.