Kedarnath na Kedarkantha si safari moja
Jamani mnaosoma huku Dehradun, India, kabla hamjalipia safari ya milimani someni hili. Nimeshapanda kote kuwili.

Kedarnath ni hija. Unaanzia Gaurikund, unapanda kilomita kama 16 hadi hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, mita 3,583 juu ya usawa wa bahari. Njia imejaa watu. Bibi vikongwe wanapanda pekupeku huku wakitaja jina la Shiva, wengine wamebebwa kwenye machela, na nyumbu wanapishana nanyi kengele zikilia shingoni. Ukikutana nao, simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde! Kujiandikisha mapema ni lazima. Baridi ikiingia hekalu hufungwa, na sanamu ya ibada huteremshwa hadi mji wa Ukhimath.

Kedarkantha ni kilele, karibu mita 3,800. Mnaanzia kijiji cha Sankri, mnalala kwenye mahema, na wengi huenda Desemba hadi Aprili kufuata theluji.

Mimi Kedarnath ilinigusa zaidi, ingawa si dini yangu. Mzee mmoja nisiyemjua alinimegea chapati yake njiani, tukala tumeegemea mwamba. Mwenye magoti mabovu naye aende huko, nyumbu na helikopta zipo. Kileleni Kedarkantha utafika kwa miguu yako.