Nilivyotengeneza soli za hewa kwa kava za simu, na wale wa "ongeza upepo" wanisamehe

Naandika hii kwa sababu nimechoka na watu wa "ongeza upepo". Kila anayepita kibandani kwangu akiona nafanya kazi ya soli za hewa lazima aseme hivyo, eti soli ya hewa ni upepo, basi upepo ukiwa mwingi ndiyo soli inakuwa nzuri. Hapana jamani. Soli yangu inayofanya kazi haijawahi kuona pampu ya kujaza. Pampu imo kwenye hadithi, lakini inafanya kazi kinyume, nitafika hapo.

Mimi ni fundi viatu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, narudisha soli na kushona, na wateja wangu wengi wa raba ni vijana wa riadha wanaoshuka kutoka milimani, Kapchorwa na Bukwo. Tangu Mganda mwenzetu Kiprotich alete dhahabu ya marathoni kutoka Olimpiki ya London 2012, halafu Mganda mwingine, Cheptegei, akapiga rekodi ya dunia ya dakika 26:11 kwenye mita 10,000 mwaka 2020, kila kijana wa huko mwenye mapafu anataka kukimbia, sawa kabisa, lakini anakimbia na raba za mivumba, yaani mitumba, ambazo sponji yake imeshalala. Ile sponji nyeupe wanaita EVA, ukiikata uiangalie vizuri utaona ni vitundu vidogo vidogo vya gesi ndani ya plastiki. Ikikanyagwa kilomita mia kadhaa kuta za vile vitundu zinakunjika na hazinyooki tena. Kwa macho raba ni nzima, ukiivaa unasikia mawe ya Sebei, huko kwao milimani, yote hadi kwenye meno.

Sasa kijana mmoja wa Kapchorwa, mteja wangu wa siku nyingi, akaniletea raba imekufa kisigino akasema, "Mzee, huwezi kunitolea hii sponji ukaniwekea upepo kama zile raba za Nike Air?" Nikamwambia kijana wangu, acha hapa urudi wiki ijayo. Fundi hasemi hapana mbele ya mteja, na pembeni kulikuwa na mafundi wengine wawili wamenyamaza wananisikiliza.

Jirani yangu anaziba pancha za boda na baiskeli. Yeye ndiye aliyejitolea ushauri wa kwanza na akaufanyia kazi mwenyewe kabla sijakubali. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akapika ncha zote mbili kwenye ile mashine yake ya kuchoma viraka, valvu akaiacha imetokeza nyuma ya kisigino kama mkia. Akasema tyubu ya butili haitoi upepo ovyo, na hapo kweli alisema kweli. Nikachimba sponji, tukalaza tyubu kutoka kisigino mpaka vidoleni, tukabandika. Kijana akavaa, akaruka ruka pale pale, akacheka, sisi tukacheka, jirani akaanza kuhesabu pesa ambazo hatujapata.

Kisha akakimbia. Mguu ukitua kwa kisigino upepo wote unakimbilia mbele kwenye vidole, sasa yeye anapanda mlima kwenye barabara tambarare, akija kusukuma kwa vidole upepo unarudi nyuma unamwinua kisigino wakati hautakiwi, na kifundo cha mguu kinacheza kushoto kulia. Chumba kimoja kikubwa cha hewa ni hivyo, hewa inakwenda kule ambako hakuna uzito, nawe umebaki umekanyaga tyubu tupu. Jirani akatoa dawa gani? Ongeza upepo! Akapampu. Kijana akaenda tena akarudi, akasema sasa ni ngumu lakini bado inateleza teleza. Ongeza tena kidogo. Nikamwambia bwana we wacha, akasema tyubu ya baiskeli inabeba gunia la mahindi na mtu juu yake, huyu mtoto ana kilo ngapi? Hakufikiria kwamba tyubu ndani ya tairi inashikwa na tairi, na hii yetu imeshikwa na sponji na gundi yangu.

Mbele ya stendi ya boda, pwaaa! Nakuambia, boda wawili walilala chini, mama wa ndizi akaacha ndizi zake akaingia duka la dawa, na askari wa benki ng'ambo ile akashika bunduki yake vizuri. Kijana wetu yuko katikati ya barabara na kiatu kimefunguka mdomo, soli ya ndani imerukia mtaroni, yeye mwenyewe mzima hana hata mkwaruzo, anauliza tu, "Mzee, hiyo ilikuwa yangu?" Mpaka leo kibanda changu kinaitwa kwa Bomu. Wateja wapya wanaelekezwa hivyo hivyo, ulizia kwa Bomu, na wanafika bila shida, kwa hiyo sijakataa jina.

Msomi mmoja naye akaja baada ya kusikia mlipuko, akanishauri niende garage wanapojaza naitrojeni kwenye matairi, eti hewa ya kawaida ndiyo mbaya. Ndugu yangu, hewa hii tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni tayari! Tatizo langu si aina ya upepo, ni nyumba ya upepo.

Nyumba nikaijua nilipopasua raba ya Nike Air Max iliyochakaa juu, nimeipata kwenye mivumba. Ndani ya kisigino kuna kifuko cha plastiki laini chenye nguvu, hakina valvu, kimefungwa kiwandani moja kwa moja, na kimezungukwa na sponji pande zote. Nikasoma soma kwenye simu. Kumbe wazo lililetwa Nike mwaka 1977 na mhandisi wa mambo ya anga, Frank Rudy, Mmarekani, na raba ya kwanza kuwa nayo ikaitwa Tailwind. Kile kidirisha cha kuonyesha hewa kilikuja 1987 kwa Tinker Hatfield, ambaye alisomea kuchora majengo na akachukua wazo kwenye lile jengo la Pompidou la Paris ambalo mabomba yake yako nje. Zamani ndani walikuwa wanaweka gesi ya molekuli kubwa zisizopenya plastiki, lakini gesi hiyo inapasha dunia joto vibaya mno kuliko kaboni, wakaiacha na kufika 2006 wameshahamia naitrojeni. Wao wanahitaji hayo kwa sababu kifuko chao kina presha ndani, na kitu chenye presha siku zote kinatafuta njia ya kutoka. Mimi nikajiuliza, na kama ndani hakuna presha ya ziada? Hewa itakimbilia wapi kama ndani na nje ni sawa?

Hapo ndipo hesabu ya shuleni ikanisaidia. Hewa iliyofungwa ukiikandamiza ikawa nusu, presha yake inakuwa mara mbili, yenyewe, bila pampu. Mguu ndio pampu. Lakini mkimbiaji wa kilo 60 akitua anaweka mara mbili hadi tatu ya uzito wake, yaani kilo 120 mpaka 180 kwa kufumba na kufumbua, na viputo vya hewa ya kawaida peke yake vitabonyea vikagusana juu na chini. Kwa hiyo lazima sponji ibaki pembeni na juu, ibebe sehemu ya mzigo, hewa ibebe nyingine. Ukiona mtu anakuuzia soli ya hewa tupu bila sponji yoyote, mwachie.

Na viputo viwe vingi, vidogo, kila kimoja kimefungwa peke yake. Hewa ya kisigino inakaa kisigino. Kimoja kikipasuka vingine vinaendelea.

Sasa plastiki. Nilijaribu kavera nzito, ile mifuko ya plastiki, ikapasuka kwenye mikunjo hata kabla ya kuvaliwa. Nikajaribu mfuko wa dripu ambao haujatumika, mlaini sana, gundi yangu ikaufanya ukunjamane. Kisha siku moja nimekaa na simu mkononi nikaangalia kava yake. Zile kava laini zinazoonekana ndani, nyingi ni TPU, aina ya plastiki laini inayovutika, jamaa mmoja na plastiki waliyotumia Nike kwenye vifuko vyao! Na mgongo wa kava ukikata tundu la kamera unabaki na kipande kinachotosha kisigino kabisa. Mbale nzima inauza kava, elfu tano, elfu saba, na za simu za zamani ambazo hakuna anayezitaka nilipewa karibu bure, mwenye duka alifikiri nina simu nyingi za kizamani akanionea huruma. Angalia tu usichukue silikoni. Choma kwa msumari wa moto, TPU inayeyuka na kuvutika uzi, silikoni haiyeyuki. Zile ngumu zinazolia tak tak pia hapana.

Kalibu yangu, yaani kitu cha kuipa plastiki umbo, ni kibao cha mvule kilichotobolewa mashimo sita ya mviringo, kina kama sentimita moja, na chini ya kila shimo kuna kitundu kidogo kinachoingia kwenye kisanduku kimoja. Mashimo ya mviringo, tafadhali, kona kali ndiyo mahali plastiki inaanza kuchanika. Kava naipasha juu ya sigiri, jiko la mkaa, mpaka inalegea, naiweka juu ya kibao, halafu nainyonya iingie mashimoni. Nanyonya kwa kutumia nini? Kwa pampu ya baiskeli! Fungua pampu, ndani kuna ile ngozi yenye umbo la kikombe, igeuze mdomo uangalie upande wa pili, funga. Sasa ukivuta mkono pampu inanyonya badala ya kupuliza. Jirani yangu wa pancha alisimama hapo dakika nzima hajasema kitu, na huyu ni mtu ambaye hanyamazi hata kanisani. Kava ikazama ikatoa vikombe sita vizuri, nikamwambia haya, ongeza upepo basi.

Kufunga mfuniko ni kazi ya pasi ya mkaa. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea bamba la chuma lenye kingo zinazopita katikati ya vikombe tu. Naweka kava ya pili juu, karatasi ya kuokea, bamba, kisha pasi inakaa juu. Kingo zinayeyusha mshono, vikombe haviguswi. Mshono uwe mpana karibu nusu sentimita, mwembamba utakusaliti. Plastiki ikianza kung'aa imekubali, ikitoa moshi umeichoma, na huo moshi kaa mbali nao.

Msimu wa mvua mishono yangu yote ilikuwa inatoka na mapovu, nikalaumu mkaa, nikalaumu karatasi. Kumbe TPU inakunywa unyevu wa hewa, ukiipasha ule unyevu unachemka ndani. Sasa kava zinakaa karibu na sigiri asubuhi nzima kabla sijazigusa. Kupima ni beseni la maji, hilo kila mziba pancha analijua.

Jambo moja lilinisumbua kisha likageuka zawadi. Hewa inayofungwa wakati kibao na plastiki bado ni moto, ikipoa inasinyaa, viputo vinabonyea kidogo. Lakini Mbale tuko mita 1,100 na kitu, na vijana wanafanyia mazoezi Kapchorwa, na juu zaidi Teryet, ambako unakaribia mita 2,000 au kuzivuka, na huko juu hewa ya nje ni nyepesi karibu kwa sehemu moja ya kumi kuliko hapa. Kwa hiyo viputo vinavyoonekana vimechoka mezani kwangu, taxi ikimaliza kupanda kona za Sipi vimejaa vyenyewe. Kijana alinipigia akiuliza nani ameviongeza upepo usiku.

Kubandika sielezi sana, ni kuchimba sponji kisigino tu, kuacha ukuta wa sponji pande zote, gundi isubiri ikauke mpaka iwe inanata, ugonge. Ukuta wa nje uwe mzito kidogo ili mguu usilale. Mbele siweki hewa. Unene nao angalia, kijana alitaka soli ya kutisha watu, lakini kwa mbio za barabarani World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, wanaruhusu mwisho milimita 40, na kwenye uwanja ni 20 tangu Novemba 2024, na mtu asije akanyimwa ushindi kwa sababu ya fundi wa Mbale.

Gharama? Kava, mkaa, gundi, bamba, sijui, laki na kidogo mpaka ile jozi ya kwanza, baadaye jozi moja hainimalizii elfu thelathini za vifaa. Zinaongeza uzito kidogo, sitadanganya. Jozi ya kijana imeshapoteza kiputo kimoja cha upande wa nje baada ya kukanyaga jiwe kali, vitano vya kiatu hicho vinafanya kazi na hataki kukirudisha nibadilishe kiputo, anasema nitakaa na kiatu chake muda mrefu. Wenzake wameshaleta zao, ziko kwenye foleni nyuma ya viatu vya shule.

Watu wa futiboli msiniletee njumu bado. Pale soli ni nyembamba na meno yanasukuma kutoka chini, viputo vyangu vitatobolewa kipindi cha kwanza. Nikipata kava nene zaidi nitawaita.