Goti la Kijana Anayekua

Mpwa wangu wa miaka 14, ambaye hucheza mpira shuleni asubuhi na tena jioni mtaani kwetu Makorora, Tanga, alianza kuchechemea wakati wa maandalizi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akaambiwa ajikaze. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu nundu yenye maumivu iliyomtokeza chini ya pia ya goti ni ugonjwa ambao Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi waliueleza, kila mmoja kivyake, tangu mwaka 1903.

Katika umri huu mifupa hurefuka upesi kuliko misuli, na pale ambapo kano ya goti hushika mfupa wa muundi bado pana gegedu laini, hivyo kila anaporuka au kupiga shuti msuli wa paja huvuta mahali hapo, na asipopumzika hupavimbisha. Kijana aliyewahi kuumia huwa hatarini zaidi kuumia tena.

Tumempunguzia mazoezi, na tunamkanda kwa barafu iliyofungwa kitambaani. Nimekwenda pia kwa mwalimu wake, nikamwomba kwa heshima azihesabu na zile mechi za mtaani anapompangia ratiba.