Watatu bado wako juu: kumbukumbu ya gazeti lililoliwa na mchwa

Kwa aliyekosa mwanzo: bibi yangu wa Ngarenaro, hapa Arusha, ana sanduku la bati ambalo kitako chake kimetobolewa na kutu. Chini ya vitenge kulikuwa na gazeti la kutandikia, la Jumapili, tarehe 3 Februari 1974. Jina la gazeti mchwa wamelila lote, ila tarehe wameiacha nzima. Mradi wangu ni kunakili kila kichwa cha habari cha siku hiyo moja na kujua kilikuwa kinazungumzia nini. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Huu ni mwezi wa pili.

Wiki ya kwanza

Nililikuta lina unyevu, nikalianika juani kwenye kamba kama shuka, nikaenda zangu soko la Kilombero. Kurudi, limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kumbe karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa miti iliyosagwa, na kwenye miti kuna kitu kinaitwa lignini, ambacho kikipata jua na hewa hugeuka manjano, kisha kahawia. Gazeti lilikaa gizani miaka yote hiyo salama, mimi nikalizeesha kwa saa tatu.

Wiki ya pili

Sitaisema sana. Mafundi wa kweli huunga karatasi kwa gundi ya wanga wa ngano na karatasi laini ya Kijapani. Mimi nilikuwa na unga wa chapati na karatasi ya chooni. Asubuhi sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani hadi ukurasa wa nne.

Wiki ya tatu na ya nne

Hapa ndipo kicheko kilipo. Ukurasa wa kwanza una herufi nene kama gumba la mkulima, na habari yenyewe ni kiongozi mmoja (jina limeliwa) anayewataka wananchi wachape kazi. Nikaanza kuhesabu vitenzi. Kati ya vichwa kumi na kimoja vinavyosomeka, saba ni mtu anayetaka, anayehimiza, anayeonya, anayekemea au anayesisitiza. Hakuna aliyefanya kitu, wote wamesema. Na kila anayekemewa bado ni Ndugu. Nikanunua gazeti la leo kwa muuzaji wa pale Mnara wa Saa ili nilinganishe. Ndugu wamekuwa waheshimiwa, vitenzi ni vilevile.

Kuna pia kipande kuhusu makao makuu kuhamia Dodoma. TANU, chama kilichotawala wakati ule, ilikuwa imeamua Oktoba 1973, na kazi ilipangiwa miaka kumi. Tangazo la Rais Magufuli kwamba serikali sasa inahamia kweli lilikuja Julai 2016. Nimekisoma kipande hicho kwa sauti kwa baba mdogo, mtumishi wa serikali aliyepakia makochi yake kwenda Dodoma akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Hakucheka.

Wiki ya tano

Ukurasa wa habari za dunia ndio mchwa walioupenda zaidi. Wamekula habari, wakaacha vipande vya vichwa. Nikavipeleka kijiweni kwa fundi baiskeli tusaidiane kubahatisha.

Kimoja kimebaki maneno manne: WATATU BADO WAKO JUU. Fundi akasema hao ni wazungu waliokwama Kilimanjaro. Bibi, nilipompelekea, akasema ni wezi wa parachichi, wamezingirwa chini ya mti. Nilitafuta siku mbili. Jumapili ile ya gazeti kulikuwa na watu watatu tu nje ya dunia nzima: Wamarekani Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, ndani ya kituo cha anga cha Skylab. Walikuwa wamepanda Novemba 1973, wakashuka Ijumaa iliyofuata, tarehe 8, baada ya siku 84. Fundi bado anashikilia Kilimanjaro.

Kingine: MWIZI WA TRENI AKAMATWA. Bibi akaweka kikombe chini. “Treni nzima? Aliipitisha wapi?” Ikabidi nimweleze kuhusu Ronnie Biggs. Mwaka 1963 yeye na wenzake waliivamia treni ya posta Uingereza, wakaondoka na pauni milioni 2.6. Akafungwa, akaruka ukuta wa gereza 1965, akaja kukamatwa Rio de Janeiro tarehe 1 Februari 1974. Brazil haikumrudisha kwao kwa sababu mpenzi wake wa huko alikuwa mjamzito. Bibi akafikiri, akasema, “Kwa hiyo aliiba pesa, siyo treni. Gazeti la uongo.”

Wiki ya saba

Ukurasa wa mwisho, michezo. Huu nilikuwa nausubiri, kwa sababu Jumamosi ile, tarehe 2, Filbert Bayi wetu, kijana wa Karatu, alikimbia mita 1500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, kwa 3:32.2. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun ilikuwa 3:33.1, tangu 1967. Na hakushinda kwa kuvizia. Kawaida ya mbio hizo ni kujificha nyuma ya mwenzako hadi mzunguko wa mwisho. Yeye alitoka bastola ilipolia, akakaa mbele peke yake, wote wakingoja achoke. Rekodi yake ya dunia ilidumu hadi 1979, na ile ya michezo hiyo hadi 2022.

Namba 3:32.2 ipo, safi kabisa. Chini yake, mahali pa John Walker wa New Zealand na Ben Jipcho wa Kenya, karatasi imechanwa mstari ulionyooka, upana wa vidole viwili. Mchwa hawali hivyo. Nikamuuliza bibi.

“Babu yako alikuwa anasokotea tumbaku,” akasema. “Nafasi ya pili na ya tatu aliivuta.”

Wiki ya nane

Kazi imebaki moja. Ukurasa wa kwanza unamwelekeza msomaji ukurasa wa tano, kwenye makala ya Mtu ni Afya, ile kampeni ya redioni ya 1973 iliyofanya nchi nzima ichimbe vyoo. Ukurasa wa tano haupo, wala wa sita. Hakuna alama ya meno ya mchwa wala ya tumbaku, karatasi imeng’olewa kwa ustaarabu kwenye mkunjo.

Nikaenda Ngarenaro. Shikamoo, marahaba, nikaweka gazeti mezani, nikamwonyesha palipo wazi. Bibi alicheka mpaka akashika mgongo wa kiti.

“Mume wangu,” akasema, “ile ilikwenda ilikotaka twende.”

Kwenye daftari nimeandika: uk. 5 na 6, umetumika.