Nilivyompata Fisi wa kuwaigizia watoto

Katika kundi letu mimi ndiye Fisi. Tunaigiza hadithi za Sungura na Fisi kwenye shule za msingi, mara nyingi uwanjani chini ya mwembe, bila kipaza sauti. Watoto wa awali hukaa mbele kwenye mikeka, wa darasa la sita na la saba nyuma kwenye madawati. Kazi ngumu iko hapo. Fisi anayewatosha wa darasa la saba humliza wa awali, na anayewapendeza wa awali huwafanya wakubwa waanze kupiga soga.

Wapo waigizaji wanaomfanya Fisi mjinga mwanzo mwisho. Sikubaliani nao kabisa. Kama Fisi hawezi kumla mtu, ujanja wa Sungura ni wa nini? Watoto wanataka kuogopa, ila wawe na pa kushika.

Kwa hiyo navaa maleba, yaani mavazi ya maigizo, mbele yao. Naingia na shati na suruali yangu, nawasalimia, wanaitikia. Kisha natoa mkia wa katani kikapuni na kumwomba mmoja wa mikekani anifunge. Humchagua yule aliyejibanza nyuma ya mwenzake. Anaushika mkia, anauvuta, anaunusa, wenzake wamenyoosha shingo. Akishakaza fundo, Fisi huyo ni wake, kamtengeneza mwenyewe. Hapo ndipo najipaka masizi, nashusha bega moja na kuanza kuchechemea. Katika chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, tulijifunza uigizaji pamoja na ngoma na sarakasi, ndiyo maana mchechemeo wangu unafuata ngoma: ikipigwa polepole, wadogo wanapata muda wa kuniona nikija. Kicheko cha Fisi nakielekeza kwa darasa la saba, kamwe si kwa mtoto aliye miguuni pangu. Wa mbele wanapiga mayowe, wanakimbia kidogo, halafu wanarudi mkekani wenyewe.

Kuna sehemu Sungura anajificha nami nauliza, "Yuko wapi?" Uwanja mzima unanidanganya kwa pamoja: "Hayupo!" Siku moja binti mdogo alisimama, akasema kwa utulivu, "Anko Fisi, kaenda Kariakoo." Basi nikaenda Kariakoo. Wavulana wa nyuma wakawa daladala, mmoja akawa kondakta na kunidai nauli, na Sungura akapata nafasi ya kutoroka. Hayo hayakuwa kwenye mazoezi, lakini mwigizaji anayeng'ang'ania maneno aliyokariri wakati mtoto kampa bora zaidi, amewapoteza palepale. Hawa wamekulia kwenye hadithi ambazo msimulizi akisema "Hadithi, hadithi!" hasongi mbele mpaka waitikie "Hadithi njoo!" Wanajua kuwa wana kazi ya kufanya.

Ndiyo maana, kabla ya onyesho, huwa namfuata mwalimu wa zamu na kumwomba jambo moja: fimbo zibaki ofisini. Mwalimu akizunguka na fimbo kunyamazisha watoto, wanakaa wima, mikono kifuani, wanamtazama yeye badala ya Sungura. Walimu wengi wakielezwa kwa heshima wanakubali. Wengine huwaita wenzao, wakavuta viti na kukaa katikati ya watoto, na hao huwa wa kwanza kupiga kelele kwamba Sungura hayupo.