Giaboksi otomatiki inapochemka mlimani

Leo mawazo yangu yako Kitonga, pale barabara ya Iringa inapopanda kwa kona kali huku malori yanatambaa mbele yako. Gari otomatiki ya miaka ya 1990, tuseme Hilux Surf ya dizeli, inaweza kuzunguka mjini mwaka mzima bila tatizo, halafu ikifika hapo taa ya A/T OIL TEMP, yaani ya joto la oili ya giaboksi, inawaka. Wengi husema giaboksi imechoka. Inawezekana. Lakini kabla ya kuishusha, mtu ajiulize joto lenyewe linatoka wapi.

Linatoka zaidi kwenye konvata, kile kifaa chenye oili kilicho kati ya injini na giaboksi. Pale hakuna chuma kinachoshika injini na giaboksi pamoja muda wote. Oili ndiyo inayosukuma. Gari ikishika mwendo, klachi iliyo ndani ya konvata hufunga na joto hupungua. Nyuma ya lori mlimani klachi hiyo iko wazi: injini inazunguka haraka, giaboksi inafuata polepole, na nguvu inayopotea katikati yote inaingia kwenye oili. Ndiyo maana sipendi kuona mtu anapanda Kitonga na D mwanzo mwisho. Bonyeza O/D OFF, kitufe kinachozuia gia ya juu kabisa. Gia zikiendelea kupanda na kushuka, vuta hadi 2, na kwenye kutambaa kabisa tumia L. Injini itanguruma zaidi, na hilo ni jema, kwa sababu pampu ya oili inazungushwa na injini na sasa inapeleka oili nyingi zaidi kupoozwa.

Kwa sababu hiyohiyo, taa ikiwaka usizime gari papo hapo. Egesha pembeni, vuta hendibreki, weka N, kanyaga mafuta kidogo injini ifike mizunguko 1,200 hivi kwa dakika, na uache oili izunguke hadi taa izime. Ila kama maji ya rejeta yanachemka au oili inamwagika chini, zima mara moja.

Oili hii hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 95. Ikizidi 120 huanza kuharibika na kuacha utando mgumu kwenye vali. Ikiendelea kupanda, sili za mpira zinakakamaa na pleti za klachi za ndani ya giaboksi zinaungua. Taa huwaka ikiwa mambo yameshakwenda mbali, kwa hiyo usiihesabu kuwa tahadhari ya mapema.

Kipimo cha oili ndicho kinachokosewa sana. Dipstiki ya giaboksi husomwa gari likiwa limepata moto, mahali tambarare, injini inawaka. Kanyaga breki, pitisha lever kwenye gia zote taratibu, rudi P, ndipo uchomoe, ufute, urudishe na usome kati ya alama za HOT. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, na povu halipoozi wala halisukumi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: wekundu ni uzima, kahawia ni uzee, nyeusi yenye harufu ya kuungua na chengachenga maana yake pleti zimeliwa, na hapo oili mpya haitaponya kitu.

Ukikuta rangi ya maziwa ya waridi, usiendeshe tena. Oili hupoozwa na mrija ulio ndani ya tangi la rejeta, na miaka ya kutumia maji ya bomba badala ya kulanti (dawa ya rejeta) huula kwa kutu mpaka unatoboka. Maji yakiingia kwenye giaboksi huachanisha gundi inayoshika karatasi za pleti. Badilisha rejeta kwanza, ndipo usafishe giaboksi.

Kama rangi ni kahawia tu, badilisha. Giaboksi ya A340 ya Surf, ukifungua nati ya chini, hutoa lita 2 hivi; nyingine imebaki kwenye konvata. Shusha sampu (trei ya oili iliyo chini ya giaboksi), badilisha filta na gasketi, futa sumaku. Unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Boliti za sampu ni ndogo, zinataka kukazwa kwa nguvu ya Nm 7 tu. Ukikaza kwa nguvu za boliti za tairi, sampu inapinda na kuvuja. Aina ya oili mara nyingi imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe. Anayetaka kutoa yote hufungua mpira wa kurudisha oili, anawasha injini, anapokea lita 2 kwenye ndoo, anazima, anajaza lita 2, anarudia mpaka itoke nyekundu.

Sehemu ya nje ya rejeta nayo iangaliwe: matope na wadudu hujificha kati yake na kondensa ya AC. Na feni ikizunguka kwa ulegevu injini ikiwa ya moto, badilisha kaplingi yake, yaani kiungo kinachoishikisha feni na injini.

Baada ya hayo ndipo kipoza cha ziada kina maana, kwa gari linalovuta tela au linalopanda milima kila wiki. Kifungwe mbele ya rejeta, kwenye njia ya kurudi, yaani baada ya oili kupita rejeta, kwa mpira uliotengenezwa kwa oili ya giaboksi. Mpira wa maji hulainika na kupasuka. Kikishafungwa, washa injini, angalia maungio kama yanavuja, kisha pima oili upya, maana kipoza kipya nacho hunywa kiasi chake.