Ili Kiwemo Chakula

Masomo ya juma hili: Kumbukumbu la Torati 14:22–29, Nehemia 13:4–14, Malaki 3:5–12, 2 Wakorintho 8.

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Malaki 3:10 wengi wetu tunaujua kwa moyo, kwa kuwa ndio mstari unaosomwa kila mara vikapu vya sadaka vinapokaribia kupitishwa: “Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu, mkanijaribu kwa njia hiyo, asema BWANA wa majeshi.” Msomaji hukazia maneno “zaka kamili”, kisha hukimbilia madirisha ya mbinguni yaliyo mbele kidogo, na bahasha huanza kukusanywa. Katikati pana kifungu kifupi ambacho sauti hukipita kwa haraka, nacho ndicho ninachoomba tukae nacho: “ili kiwemo chakula katika nyumba yangu”. Mungu anataja sababu ya zaka kabla ya kutaja baraka zake. Karibu popote Torati inapoagiza fungu la kumi, humtaja pia atakayelila, na kwa maoni yangu fundisho linalomhimiza mtoaji bila kumtaja mlaji limesoma nusu tu ya andiko.

Wapo wanaoanzia mbali zaidi, kwa Abramu, wakisema kwamba zaka ilitangulia Torati na kwa hiyo haikuondoka pamoja nayo. Hoja hiyo inastahili kupimwa kwa upole. Ni kweli kwamba Abramu alimpa Melkizedeki, mfalme wa Salemu, sehemu ya kumi (Mwanzo 14:20), na Waebrania 7 inaeleza kwamba zilikuwa nyara za vita. Hatusomi kwamba alilirudia tendo hilo, na mistari inayofuata inaeleza kwamba nyara zilizobaki alikataa kujitwalia, hata uzi au gidamu ya kiatu, ila chakula walichokwisha kula vijana wake na fungu la wenzake waliokwenda naye. Yakobo naye aliweka nadhiri kule Betheli, tena yenye masharti: Mungu akiwa pamoja naye, akimlinda, akimpa chakula na nguo. Tohara pia ilitangulia Torati, lakini mitume hawakuwatwisha mataifa mzigo huo. Mababu hawa wanatufundisha shukrani, nasi tuwafuate katika shukrani. Amri ya kila mwezi kwa kila Mkristo haimo katika habari zao.

Amri imo katika Torati, na huko mambo ni mapana kuliko tunavyodhani. Walawi 27 inataja mbegu za nchi, matunda ya miti na mifugo. Mnyama wa kumi aliyepita chini ya fimbo ya mchungaji ndiye aliyekuwa wa BWANA, awe amenona au amekonda. Mwenye kundi hakuruhusiwa kuchagua, na akithubutu kumbadilisha, wote wawili waliwekwa wakfu. Hesabu 18 inaeleza kwa nini zaka hiyo ilikwenda kwa Walawi: kabila hilo halikupewa urithi wa ardhi, kwa hiyo asiyekuwa na shamba alikula kutoka katika mashamba ya ndugu zake kwa ajili ya utumishi wake wa hema. Wala Mlawi hakuishia kupokea. Katika zaka aliyoletewa alitoa naye sehemu ya kumi, ikaenda kwa Haruni kuhani.

Kumbukumbu la Torati 14 inaongeza jambo ambalo sijalisikia likihubiriwa mara nyingi. Mwisraeli aliamriwa kula zaka ya nafaka, divai na mafuta yake mbele za BWANA, mahali atakapopachagua, pamoja na jamaa yake na Mlawi. Safari ikiwa ndefu mno, aliuza mazao, akafunga fedha mkononi, na alipofika akanunua chochote ambacho roho yake ilitamani, iwe ng'ombe, kondoo, divai au hata kileo. (Si ajabu kwamba mstari wa 26 hausikiki sana mimbarani.) Wanaofahamu mnada wa mazao katika sharika za vijijini watauelewa utaratibu huo wa kugeuza mazao kuwa fedha: ibada inapoisha, mzee wa kanisa huinua juu jogoo aliyefungwa miguu, au trei ya mayai, au mkungu wa ndizi, akanadi, na mara nyingi aliyekwisha kulipa humrudisha jogoo yule yule ili anadiwe tena.

Kisha, mwisho wa kila miaka mitatu, zaka ya mwaka huo haikwenda safari. Iliwekwa ndani ya malango ya mji, na Torati inawataja walaji wake kwa majina ya hali zao: Mlawi, mgeni, yatima na mjane, “wale na kushiba”. Hapo mjane yuko upande wa wanaopokea. Wapo leo viongozi wanaokagua kadi ya sadaka ya marehemu kabla ya kukubali kumzika, na wapo wanaomwuliza mjane mbele ya watu ni kwa nini namba ya bahasha yake haionekani kwenye orodha ya mwezi. Sijui wanaisoma wapi zaka ya namna hiyo. Torati inapotaja zaka na mjane katika sentensi moja, humtaja kama mtu ambaye zaka imetunzwa kwa ajili yake.

Sasa twende Yerusalemu, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, siku za utawala wa Waajemi. Nehemia alikwenda huko mwaka wa 20 wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, unaohesabiwa kuwa 445 KK, na katika mwaka wa 32 akarudi kwa mfalme. Watu walikuwa wamejifunga kwa agano lililoandikwa na kutiwa muhuri kwamba wataleta malimbuko na zaka (Nehemia 10). Aliporejea alikuta Eliashibu kuhani, aliyekuwa amewekwa juu ya vyumba vya nyumba ya Mungu, amempa Tobia chumba kikubwa katika nyua za hekalu. Tobia ni yule Mwamoni aliyeudhihaki ukuta wa Yerusalemu ulipokuwa ukijengwa, na Biblia inasema kwamba Eliashibu alikuwa na uhusiano naye. Chumba hicho hakikuwa kitupu tangu zamani. Ndimo zilimokuwa zikiwekwa sadaka za unga, ubani, vyombo, na zaka za nafaka, divai na mafuta, yaani riziki ya Walawi, waimbaji na mabawabu. Ghala la zaka lilikuwa limegeuzwa kuwa makazi ya mtu anayejuana na kuhani.

Nehemia alivitupa nje vyombo vyote vya nyumba ya Tobia, akaamuru vyumba visafishwe, akarudisha vyombo vya hekalu na sadaka. Halafu akagundua jambo la pili: Walawi hawakuwa wamepewa mafungu yao, na kila mmoja pamoja na waimbaji alikuwa amekimbilia shambani kwake. Tuangalie kwa makini aliteta na nani. Aliteta na wakuu, akiwauliza ni kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Akawakusanya Walawi na kuwarudisha mahali pao. Baada ya hayo ndipo mstari wa 12 unaposema kwamba Yuda wote walileta zaka za nafaka, divai na mafuta katika hazina. Hatusomi kwamba kabla ya hapo alisimama akawaita watu wezi. Alisafisha ghala, akawakemea waliolisimamia, akawarejesha walaji wake, na watu wakaleta.

Hakuishia hapo. Aliweka watunza hazina wanne ambao majina yao tunayo hadi leo: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani mwana wa Zakuri aliyefuatana nao. Walikuwepo kuhani, mwandishi na Mlawi; hazina haikuachwa mikononi mwa mtu mmoja wala ofisi moja. Sababu ya kuteuliwa kwao ni kwamba walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Miaka mingi kabla yake mfalme Hezekia alifanya jambo linalofanana na hilo: alipoona chungu za zaka zimerundikana, aliwauliza makuhani na Walawi habari zake, kisha akaamuru vyumba viandaliwe na wasimamizi wawekwe (2 Nyakati 31).

Wanazuoni wengi humweka Malaki katika kipindi hicho hicho, na tukimsoma baada ya Nehemia 13 tunamsikia vizuri zaidi. Haondoi lawama kwa watu; anasema taifa zima linamwibia Mungu, nasi hatuna ruhusa ya kuupunguza ukali wa neno hilo. Lakini tangu sura ya kwanza kitabu chake kiliwashtaki makuhani waliopokea madhabahuni wanyama vipofu na vilema, na mistari mitano tu kabla ya ule wa zaka, BWANA anaahidi kuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Tajiri anayepeleka zaka kamili kutoka kwa faida ya mishahara aliyoizuia hapati kinga katika mstari wa 10. Mstari wa 5 umekwisha kumfikia. Na baraka iliyoahidiwa ni ya taifa la wakulima walio katika agano: mharibifu wa mazao kukemewa, mzabibu usipukutishe matunda yake kabla ya wakati. Kuichukua ahadi hiyo na kuifanya kuwa bei, kwamba mtu atume kiasi fulani kwa namba ya simu ya mtumishi ili apate gari kufikia mwisho wa mwezi, ni kuiondoa mahali pake.

Bwana wetu aliitaja zaka mara chache. Mafarisayo walipima hata mnanaa, bizari na jira, nao wakaacha adili, rehema na imani. Akawaambia, “hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache” (Mathayo 23:23). Hakuwalaumu kwa kutoa. Aliwasemesha wakiwa chini ya Torati, hekalu likiwa bado limesimama. Mahali pengine aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasimsaidie baba au mama (Marko 7), na hili liwafikie wanaoacha wazazi wao vijijini bila dawa huku risiti zao za kanisani zikiwa kamili.

Historia inatuonyesha pia ni hatari gani hutokea zaka inapogeuzwa kuwa kodi. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Mâcon wa mwaka 585, huko Ufaransa ya leo, uliwatishia wasiotoa adhabu ya kutengwa na kanisa. Mwaka 779 Charlemagne, mfalme wa Wafranki, aliifanya zaka kuwa sheria ya dola. Ilipofika mwaka 1789, Wafaransa waliifuta pamoja na mizigo mingine ya utawala wa zamani.

Paulo alifuata njia nyingine, na ndiyo iliyo wazi kwetu sisi tulio katika Agano Jipya. Alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu alikuwa na Torati yote kichwani, lakini hakuwapa Wakorintho asilimia. Aliwaambia kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Aliwaonyesha Wamakedonia waliotoa kupita uwezo wao katika umaskini mwingi. Akasema Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu, si kwa huzuni wala kwa lazima. Na alipofika kwenye kusafirisha fedha zenyewe, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na kusifiwa na makanisa, mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama hiyo, akitafuta yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume aliyeona Yesu njiani kuelekea Dameski hakujiona amekuwa juu ya ukaguzi wa hesabu.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza kama Mkristo atoe fungu la kumi, humjibu kwamba ni kipimo kizuri cha kuanzia, chenye mizizi katika Maandiko, na kwamba kimewasaidia wengi kutoka katika tabia ya kumpa Mungu sarafu iliyobaki mfukoni. Sikiiti kodi ya wokovu. Kwa mwenye kipato kikubwa na nyumba za kupangisha, sehemu ya kumi inaweza kuwa kidogo mno akijipima kwa Wamakedonia. Kwa mama lishe ambaye mtaji wake na faida yake vimo katika mfuko mmoja wa kanga, lazima kwanza asaidiwe kuvitenganisha, maana akitoa zaka kutoka kwenye mtaji, kesho hatakuwa na unga wa kupika wala cha kutoa. Yule anayekopa kwa riba ili ajaze bahasha ashauriwe aache. Na swali la mwajiriwa, kama ahesabu kabla ya makato au baada yake, aliamue mbele za Mungu pasipo kuwahukumu walioamua vingine.

Wahudumu wa Injili nao wale kwa kazi yao, kwa kuwa Paulo mwenyewe aliwafananisha na waliohudumu madhabahuni (1 Wakorintho 9:13–14). Mwinjilisti wa mtaa anayekaa miezi bila posho huku jengo la kanisa likiwekewa vigae vipya ni Mlawi aliyekimbilia shambani.

Kwa juma hili naomba kila jumuiya isome kwa sauti Kumbukumbu la Torati 26:12–15. Mwaka wa tatu, Mwisraeli alipaswa kukiri mbele za BWANA kwamba ameviondoa nyumbani vitu vilivyo wakfu na kumpa Mlawi, mgeni, yatima na mjane, na baada ya kukiri hivyo ndipo aliomba Mungu atazame kutoka mbinguni na kuwabariki watu wake. Mkiisha kusoma, mhazini aombwe kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka iliyopita, na wazee wa kanisa waonyeshe ndani yake mafungu ya wale wanne: wahudumu, wageni, yatima na wajane. Fungu lisiloonekana lipangiwe kiasi chake papo hapo, kabla ya sadaka ya Jumapili ijayo.